Kutafuta Kabla ya Kufuta

Mama mdogo alinipigia saa kumi na mbili na robo asubuhi, na sikupata hata nafasi ya kumwamkia. "Mwanangu, kompyuta haiwaki. Jana usiku niliiacha inajisasisha, leo inanionyesha bluu tu." Kompyuta hiyo ndiyo steshenari yake nzima pale Kihonda, Morogoro. Printa, mashine ya fotokopi, rafu ya madaftari na kalamu, vyote vinaizunguka. Saa nne asubuhi hiyo mwalimu wa sekondari ya jirani alikuwa aje kuchukua mtihani wa kufunga mwaka wa kidato cha tatu, kurasa sita zenye michoro ya jiometri. Mtihani huo haukuwa mahali pengine popote ila ndani ya kompyuta iliyogoma.

Nilipofika nilimkuta fundi wa mtaani ameshaketi mbele ya kioo, flashi mkononi. Ni kijana mwenye adabu, mtaa mzima unamfahamu, na hakumficha kitu mama mdogo. "Mama, hapa ni kupiga Windows tu. Saa moja imeisha."

"Na kazi zangu?"

"Kazi zitaondoka, mama. Ndivyo ilivyo."

Nilimwomba anipe hiyo saa moja kabla hajachomeka ile flashi. Makala haya ni habari za saa hiyo, ambayo mwishowe ilizidi.

Aliyewahi kumiliki kompyuta nchini Tanzania anaijua kauli ya "kupiga Windows". Mashine ikiwa nzito, inapigwa Windows. Ikiingia virusi, inapigwa Windows. Ikikataa kuwaka, ndiyo kabisa. Fundi anafomati diski, anaweka mfumo endeshi upya, na mashine inarudi kwa mwenyewe ikiwa nyepesi na safi, bila picha za ubatizo, bila hesabu za kikundi, bila tasnifu iliyobakiza sura moja. Nimewaona wanafunzi wa chuo wakilia barazani kwa mafundi. Kinachoniuma ni kwamba, kwa mashine iliyogoma mara tu baada ya kupandishwa toleo, machozi hayo mara nyingi hayakuwa na sababu. Kazi zao zilikuwamo ndani, salama, hadi dakika ile flashi ilipochomekwa.

Zoezi la kupandisha toleo la Windows halikusudii kugusa barua na picha zako. Linahamisha mfumo wa zamani kwenye folda iitwayo Windows.old, linasimika mpya mahali pake, na kwa siku 10 linakuachia njia ya kurudi ulikotoka. Likikatika katikati, kwa kawaida linajaribu lenyewe kurudisha hali ya mwanzo. Yamewahi kutokea mabaya: sasisho kubwa la Windows 10 lililotolewa tarehe 2 Oktoba 2018 lilisimamishwa siku chache baadaye kwa sababu lilifuta nyaraka za baadhi ya watumiaji. Nalitaja kwa sababu anayepandisha toleo bila nakala ya akiba anacheza na riziki yake. Hata hivyo, kompyuta ikigoma asubuhi baada ya kusasishwa usiku, dhana ya kwanza iwe kwamba mlango ndio umekwama na vyombo vimo ndani.

Na milango mingi inakwama kipindi hiki. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifikisha mwisho msaada wake kwa Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015 na kuenea kwenye ofisi zetu, shule zetu na vijiwe vyetu vya intaneti. Aliyetaka kubaki nao aliweza kujiandikisha apate masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Wengi hawakujua hilo. Waliona ujumbe kwenye kioo ukiwataka wahamie Windows 11, wakabonyeza kukubali. Wengine waliambiwa mashine zao hazina sifa, kwa kuwa Windows 11 inataka kichipu cha usalama cha TPM toleo la 2.0, na kwa prosesa za Intel inaanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha nane. Nusu ya kompyuta ninazoziona mitaani ni zile zilizokuja zimeshatumika, kutoka Dubai au Ulaya, na nyingi hazikifikii kizazi hicho. Hapo ndipo mafundi hutumia njia za kuuruka ukaguzi. Njia hizo zinafanya kazi kwenye mashine nyingi, lakini kuanzia toleo la 24H2 la mwaka 2024 kuna ukuta usiorukika: kiini cha mfumo kinahitaji amri fulani za prosesa ambazo mashine za zamani, kama zile za Core 2 Duo, hazina. Ukilazimisha, haitawaka kabisa, na hakuna ufundi wa kuirekebisha. Kwa mashine ya namna hiyo ushauri wangu ni kuiachia toleo lake au kuihamishia kwenye Linux, ambayo ni ya bure na haidai ujana.

Ya mama mdogo ilikuwa na sifa zote. Kwa hiyo swali lilikuwa moja: kijiti kimeangukia wapi?

Ndivyo ninavyopenda kulieleza jambo hili kwa mtu yeyote. Kompyuta inapowaka, kazi inakwenda kama mbio za kupokezana vijiti. Mkimbiaji wa kwanza ni umeme: taa inawaka, feni inazunguka. Anampa kijiti bayosi, programu ndogo iliyo ndani ya ubao mkuu, ambayo hukagua ramu, kibodi na diski, kisha huonyesha nembo ya mtengenezaji. Bayosi inamtafuta kipakizi, yaani kile kipande kidogo cha programu kilicho mwanzoni mwa diski, na kumkabidhi kijiti. Kipakizi kinaamsha kiini cha Windows, kiini kinaamsha madraiva, na mwisho unaombwa nywila. Hakuna mkimbiaji anayeanza kabla ya mwenzake kufika. Ukitazama kwa makini ni wapi mbio zimesimama, umeshaondoa zaidi ya nusu ya uwezekano.

Hakuna taa wala feni? Toleo jipya halihusiki, angalia waya, soketi na pawasaplai. Taa ipo lakini hata nembo haiji? Bado hujafika kwenye Windows, tazama ramu na kioo chenyewe. Nembo inakuja kisha maandishi yanasema hakuna diski ya kuwashia? Bayosi imemkosa kipakizi, na sababu inaweza kuwa ndogo kama flashi iliyosahaulika nyuma ya mashine. Vile vidoti vinazunguka bila mwisho? Subiri. Nasema subiri kwa msisitizo, kwa sababu kwenye diski ya zamani inayozunguka, zoezi hili linaweza kuchukua saa kadhaa, na watu wengi huiua kompyuta yao kwa kuichomolea umeme ikiwa bado inafanya kazi. Itazame ile taa ndogo ya diski. Ikiwa inapepesa, kazi inaendelea. Na ukipata kioo cheusi chenye mshale wa kipanya tu, mfumo umewaka na draiva ya kioo ndiyo iliyolala. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B, na mara nyingine kioo kinaamka hapo hapo.

Sauti ndiyo ishara pekee inayonifanya niache kila kitu. Diski ikianza kugonga, tik, tik, tik, zima. Kupandisha toleo kunaandika gigabaiti nyingi kwa mara moja, na diski iliyokuwa inachechemea kimyakimya huweza kuangukia hapo. Kila dakika unayoiwasha tena unapunguza nafasi ya kuokoa kilichomo.

Diski ya mama mdogo ilikuwa kimya. Taa zote ziliwaka, nembo ilikuja, vidoti vilizunguka mara mbili tatu, kisha kioo cha bluu na sentensi ya Kiingereza isemayo kwamba diski ya kuwashia haifikiki. Nilichomoa printa, kisoma kadi na flashi zote, nikajaribu tena. Bluu. Ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo, Windows huleta yenyewe ukurasa wa marekebisho wenye machaguo ya kukarabati uwashaji, kuondoa sasisho la mwisho, au kuwasha kwa hali salama, yaani na madraiva machache ya lazima tu. Ukurasa huo umeokoa mashine nyingi na ndipo pa kuanzia kwa mtu asiye fundi. Nao umewahi kuugua: sasisho la Windows 11 la tarehe 14 Oktoba 2025 lilifanya kibodi na vipanya vya USB visifanye kazi humo, na dawa yake ikaja tarehe 20 mwezi huo huo. Kwetu ulifunguka, tukachagua ukarabati, ukasema umeshindwa. Ndani yake kuna pia chaguo la kuiweka upya kompyuta nzima. Hilo sikuligusa, na ningemsihi kila msomaji asiliguse kabla ya hatua niliyofuata.

Hatua hiyo ni kuokoa kwanza. Nilikuwa na flashi yenye Ubuntu, mfumo wa Linux unaoweza kuwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuandika chochote kwenye diski. Nikabonyeza F12, nikachagua flashi, tukangoja. Kusema kweli nilichokiogopa zaidi wakati huo kilikuwa kufuli. Kompyuta za siku hizi hufunga diski kwa BitLocker, mara nyingi bila mwenyewe kujua, na ufunguo wake wa dharura ni tarakimu 48. Kwa kawaida tarakimu hizo zinahifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kusajili mashine. Kwetu hapa, mashine ngapi zimesajiliwa kwa barua pepe ya fundi aliyeziuza? Huyo fundi akibadilisha namba au akihama mji, ufunguo wa nyumba yako umehama naye, na bila ufunguo hakuna mtu, awe mtaalamu wa kiwango gani, atakayeifungua diski hiyo. Leo hii, kabla ya jua kuzama, ingia kwenye akaunti yako uzitafute tarakimu hizo, uziandike kwenye karatasi.

Ubuntu ikawaka. Nikafungua diski, na folda zikajipanga kwenye kioo: MITIHANI, BARUA ZA MAOMBI, KADI ZA HARUSI, RATIBA ZA MSIBA, WASIFU WA WATU. Mama mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni mikono kiunoni, alikuja taratibu akavuta kigoda akaketi. "Hiyo hapo, geometri," alisema akiugusa kioo kwa kidole. Nikachomeka flashi nyingine, nikaanza kunakili. Fundi naye alisogeza kiti chake karibu.

Kwa anayedhani kwamba mashine isiyowaka lazima iwe imeharibika sana, kuna siku moja ya kuikumbuka. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta takriban milioni 8.5 duniani ziligoma kwa kioo cha bluu kama kile cha mama mdogo. Viwanja vya ndege vilikwama, hospitali na benki vilevile. Chanzo kilikuwa faili moja lenye kasoro lililosambazwa na kampuni ya usalama ya CrowdStrike kwenye programu yake. Tiba ilikuwa kuwasha mashine kwa hali salama, kulifuta faili hilo moja, na kuwasha upya. Waliochelewa zaidi ni wale ambao diski zao zilikuwa na BitLocker na hawakujua funguo ziko wapi. Mamilioni yote yale, na kilichohitajika kufutwa ni faili moja.

Tulipokuwa tunasubiri mafaili yamalizike kunakiliwa, fundi alinyoosha kidole kwenye kona ya kioo. "Kaka, angalia tarehe." Nyaraka tulizokuwa tunanakili zilikuwa na tarehe za Novemba 2025. Saa ya kompyuta ilisema Januari 2018.

"Betri ya bayosi," akasema, na sauti yake ilikuwa tofauti kabisa na ya asubuhi.

Alikuwa amelipata. Akamgeukia mama mdogo, akamuuliza kama umeme ulikatika usiku. Mama mdogo akasema Luku iliisha, alinunua uniti alfajiri. Basi kisa chote kikawa mezani. Bayosi ina mipangilio yake: tarehe na saa, mpangilio wa kuwasha, namna ya kuzungumza na diski. Umeme wa ukutani ukiwapo, saa inatembea na mipangilio inakaa. Umeme ukikatika, kwenye mashine kama ile kinachoshikilia kumbukumbu hiyo ni betri moja bapa, duara kama sarafu, ya volti 3, yenye maandishi ya CR2032. Mashine ilitengenezwa miaka saba iliyopita na betri hiyo haikuwahi kubadilishwa. Mama mdogo haizimi swichi ya ukutani usiku, kwa hiyo ugonjwa ulijificha miezi mingi. Usiku ule Luku ilipoisha katikati ya kupandisha toleo, bayosi ilisahau kila kitu na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani.

Fundi alifungua ubavu wa kompyuta kwa bisibisi, akapuliza vumbi, akaichokoa ile betri kwa kucha. Mita yake haikufika volti moja na nusu. Alikuwa na nyingine kwenye mkoba. Kisha akaingia kwenye bayosi na kwenda moja kwa moja penye mpangilio wa diski: ulikuwa umesimama kwenye RAID, wa kiwandani, wakati Windows ya mashine ile ilisimikwa kwa AHCI. Tofauti hiyo inatosha kabisa. Windows inapoamka inatanguliza draiva iliyoizoea tu, na ikikuta diski inaongea kwa namna nyingine, haiioni, ingawa iko pale pale imechomekwa. Akarudisha AHCI, akarekebisha tarehe, akabonyeza F10 kuhifadhi.

Nembo. Vidoti. Tukakaa kimya sote watatu. Kikaja kioo cha kusema kwamba toleo la awali linarudishwa, asilimia zikapanda polepole mno, mashine ikajizima na kujiwasha mara mbili, na saa tatu na dakika ishirini tukaiona picha ya wajukuu wa mama mdogo aliyoiweka kama pazia la kioo. Windows 10, kama ilivyokuwa jana yake.

Nimelifikiria sana neno la fundi yule tangu siku hiyo. Yeye ndiye aliyeiona tarehe. Yeye ndiye aliyejua, kabla yangu, kwamba mpangilio wa diski utakuwa umebadilika. Ujuzi huo alikuwa nao saa moja asubuhi alipotaka kufomati. Nilimuuliza kwa nini hakuanza kwa kutafuta, akanijibu bila kusita: mteja halipi kutazamwa. Ukikaa na mashine saa tatu ukagundua betri, atakulipa bei ya betri, tena atalalamika kwamba umebadilisha kitu kidogo tu. Ukipiga Windows kwa saa moja, hakuna mteja anayebisha elfu ishirini, kwa sababu bei hiyo inajulikana na kazi yake inaonekana. Tunamlipa fundi kwa kufuta, hatumlipi kwa kutafuta. Halafu tunashangaa kwa nini anafuta.

Daktari tunamlipa ada ya kumwona kabla hajaandika dawa. Fundi gari akisikiliza injini tunampa chochote. Kwa nini kijana anayeshika kumbukumbu zetu zote, vyeti, mikataba, sauti za wazazi waliotangulia, tunamtaka atafute bure? Kama kijiwe kimoja tu kila mtaa kingebandika bei ya uchunguzi ukutani, na sisi wateja tukailipa bila kununa, naamini machozi barazani yangepungua.

Mama mdogo alimpa elfu ishirini kamili, bei ya kupiga Windows, na ya betri juu yake. Kijana alitaka kurudisha kiasi, akakataliwa. Windows 11 waliisimika wote wawili Jumamosi iliyofuata, mchana, Luku ikiwa na uniti za kutosha, diski ya akiba imeshajazwa nakala na printa imechomolewa. Ilichukua muda wa kupika wali na maharage, na haikusumbua.

Lakini asubuhi ile ya Jumatatu kilichokuwa na haraka ni mtihani. Mwalimu aliingia saa nne kasoro, akaamkia, akauliza kama kazi iko tayari. Karatasi ya kwanza ilitoka kwenye printa ikiwa na joto, pembetatu na herufi zake zote mahali pake. Mama mdogo akazihesabu kurasa sita, akazigonga mezani zikanyooka, akamkabidhi. Kisha akaniomba ile flashi yenye mafaili yake, akaifunga kwenye pindo la khanga.